NYUMBA ZA KUPANGISHA KATIKA MTAA WENYE SIFA MBAYA

(Mazungumzo ya mwanachama mstaafu mbele ya mkutano wa tawi, mjini Kisii. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, kwa kuwa wanachama wengi waliokuwa zamuni siku ile wameyaulizia.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu hulifikiri kila mwisho wa mwezi, yaani kununua vyumba vya kupangisha ili mtu apate kitu cha kumsaidia akiisha kustaafu. Katibu aliponijia nyumbani aliniambia, "Mzee, wewe umefaulu, njoo uwaeleze vijana." Nikamjibu kwamba nitakuja, lakini si kueleza kufaulu peke yake. Liko jambo nililolifanya ambalo mwanachama hapaswi kulifanya. Baadhi yenu mmelisikia likisemwa sokoni, basi heri mlisikie kwangu mwenyewe.

Mnanijua. Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai upande wa Nyamira mpaka nikafikia umri wa kustaafu. Shamba la baba tuligawana ndugu watano, na mnajua mashamba yetu ya Gusii yalivyo: yamekatwa yakakatwa tena, hata mpaka wa ndugu na ndugu umekuwa mstari mmoja wa migomba. Chai iliyobaki kwangu haiwezi kulisha nyumba. Nilipopokea mafao yangu niliongeza akiba yangu ya chama cha ushirika, nikateremka Kisii kutafuta ploti.

Kwanza nilitembea Nyanchwa, nikatembea Jogoo na Mwembe. Kila mahali bei ilinizidi. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka wa 2013, na serikali za kaunti zilianza mwaka huo huo. Tangu hapo watu wanaotafuta vyumba wameongezeka, na wenye ardhi wanalijua hilo. Nikajaribu Nyamira mjini. Huko mji ni mdogo, na karani wa kaunti anataka nyumba yenye choo ndani na mahali pa kuweka gari, kitu ambacho fedha zangu hazikuweza kujenga. Mwishowe dalali mmoja alinipeleka mtaa wa bondeni hapa Kisii, akanionyesha ua wenye vyumba 10 vya mabati, kuta zimepakwa saruji, vitano vinatazamana na vitano, choo kimoja pembeni kabisa. Bei ilikuwa karibu nusu ya zile nilizozisikia kwingine.

Mtaa huo sitautaja. Wako watu wa heshima wanaoishi pale, na mtaa ukishapakwa jina baya, mtoto wa pale akienda kutafuta kazi huulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa anajua kazi gani. Lakini kila mtu wa Kisii anaielewa aina ya mtaa ninaousema. Mwenye bodaboda anakushusha barabarani ikiwa ni usiku, anasema hapo ndipo mwisho wa safari. Mama mwenye duka anauzia wateja nyuma ya nondo. Ukimwuliza mtu njia, anakutazama viatu kwanza.

Nilimwuliza dalali kwa nini bei ni ndogo namna hiyo. Akasema mwenyewe ana shida ya ugonjwa na anataka fedha upesi. Nikaridhika na jibu lile kwa sababu nilitaka kuridhika. Nilikwenda kuitazama ile ploti mara tatu kabla ya kulipa, na mara zote tatu nilikwenda saa nne asubuhi. Ndugu zangu, saa nne asubuhi hakuna mtaa mbaya katika Kisii nzima. Akina mama wanafua, watoto wako shuleni, jua linawaka. Mtu akitaka kununua, na aende saa tatu usiku, tena aende Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakati mishahara imetoka. Asimame pale nusu saa. Atakayoyaona nusu saa ile hayamo katika hati yoyote.

Na kwa kuwa nimetaja hati, niseme hili upesi, maana wako walioumia zaidi yangu. Ploti nyingi za pembeni mwa mji wetu zilikuwa mashamba ya jamaa. Hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani, na anayekuuzia ni mjukuu mmoja kati ya kumi na wawili. Huyo hawezi kukuuzia kitu ambacho mahakama haijakigawa. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye uchunguzi rasmi, mwone jina lililoandikwa na kama kuna mkopo juu yake. Ikiwa ardhi bado inahesabiwa kuwa ya kilimo, lazima kibali cha bodi ya ardhi kwa sheria ya mwaka wa 1967, na mkewe muuzaji akubali kwa maandishi ikiwa ndiyo nyumba yao. Tena mpime umbali wa mto. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji huu, nasi tumeuzoea hata tunausahau. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe wazi, si chini ya mita 6, na mto ukiwa mpana hata mita 30. Mnakumbuka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Nyumba ya ghorofa sita iliyojengwa ukingoni mwa mto iliporomoka mvua ikinyesha, na watu wapatao 50 wakafa. Wapangaji wale walikuwa watu kama sisi, waliochukua chumba kile kwa sababu kodi yake waliiweza.

Kwa bahati ploti yangu ilikuwa salama kwa hati na kwa mto. Ubaya wake ulikuwa mwingine.

Nilinunua pamoja na wapangaji waliokuwamo. Walikuwako akina mama wawili wanaouza ndizi na mboga soko la Daraja Mbili, kijana wa bodaboda, fundi viatu, wanafunzi wawili, na mama mmoja mfagiaji wa hospitali, mwanachama wa chama cha wafanya kazi kama ninyi, aliyekaa chumba nambari 4. Kodi ilikuwa Sh. 2,500 kwa mwezi kila chumba. Na alikuwako mama mwingine aliyeshika vyumba viwili vya mwisho, nambari 9 na 10. Yeye alilipa Sh. 3,000 kila kimoja bila kuombwa, tena alilipa tarehe 1, tena mara nyingine miezi miwili mbele.

Mimi nilibaki nyumbani Nyamira. Nilipanda matatu tarehe 5 ya kila mwezi, nikakusanya fedha, nikala nyama choma karibu na stendi, nikarudi kabla ya jua kutua. Baadaye hata hilo niliacha, nikawaambia wanitumie kwa M-Pesa. M-Pesa ni kitu kizuri, tangu ilipoanza mwaka wa 2007 imetuondolea taabu nyingi. Lakini fedha ya simu haina harufu. Ningalikuwa naenda mwenyewe ningalinusa.

Hapana, hilo si kweli, na nimeahidi kusema kweli. Nilinusa mapema. Mwezi wa pili tu nilipita mbele ya nambari 9 nikajua ya kuwa mna chang'aa. Nikauliza bei ya mabati mapya, nikapokea fedha yangu, nikaondoka. Nilijiambia mambo mengi njiani. Nilisema huyu ni mjane mwenye watoto watatu. Nilisema pombe imekuwako tangu babu zetu. Nilisema nikimtoa, atakayeingia hatalipa tarehe 1. Katika yote niliyoyasema hilo la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu.

Mambo yalikwenda hivi. Wateja wake walianza kukaa mlangoni mwa ua tangu saa kumi jioni. Kwanza waliondoka wanafunzi. Kisha akaondoka fundi viatu, akisema ameibiwa vifaa vyake mara mbili. Nami nilisikitika kidogo nikangoja wengine. Wengine hawakuja, au walikuja wakatazama mlangoni wakarudi. Halafu usiku mmoja yule mama wa hospitali alitoka zamu, akafika uani karibu saa tano. Taa hakuna. Njia ya kwenda chooni hupita mbele ya nambari 9 na 10. Vijana wawili waliolewa walimkamata mkoba, naye akaushika, basi wakampiga. Mkono ulivunjika mahali pawili. Alirudishwa hospitali ile ile aliyotoka kuifagia.

Nilikwenda kumwona. Nilichukua mkate na maziwa, kama tunavyofanya. Alinipokea kwa heshima, akaniita Baba. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, wale vijana wewe ndiwe uliyewapa mahali pa kukaa." Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kumjibu.

Nataka mfikiri jambo hili, kwa sababu mkutano huu ni wa chama. Mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na moja la malalamiko yao makubwa lilikuwa kodi ya nyumba: mshahara uliliwa na chumba kabla haujafika tumboni. Kwa jasho la watu kama wale, na la waliowafuata, sheria ya kazi ya leo, ile ya mwaka wa 2007, inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba au posho ya kutosha kulipia nyumba. Posho hiyo tunaigombea mezani kila mara. Je, inakwenda wapi? Inakwenda kwa mwenye chumba. Kila tarehe 5 nilikuwa napokea posho ambayo chama kiliipigania, nami kwa posho hiyo nikampa mwanachama giza, mlango mbovu, na jirani anayeuza sumu. Miaka yote niliyokaa kiwandani niliwalaumu wakubwa kwa nyumba za wafanya kazi zinazovuja. Nilipopata vyumba vyangu 10 nilifanya vile vile, tena kwa bidii zaidi. (Kicheko.) Mnacheka, lakini jichunguzeni ninyi mnaojenga.

Sasa nije kwenye hesabu, maana najua wako wanaosema mzee anahubiri. Yule mama wa pombe aliniongezea Sh. 500 kwa kila chumba, yaani Sh. 1,000 kwa mwezi kuliko mpangaji wa kawaida. Baada ya mama wa hospitali kuondoka, vyumba vilivyokaa vitupu vilikuwa vinne. Vinne mara Sh. 2,500 ni Sh. 10,000. Basi kwa kumkumbatia mlipaji wangu mwema nilipata elfu moja nikipoteza elfu kumi, na hali hiyo ilidumu miezi saba. Mtu yeyote anayeuza nyanya Daraja Mbili angaliiona hasara hiyo siku ya pili. Mimi fundi wa mitambo sikuiona kwa sababu elfu moja ilikuwa mkononi, na elfu kumi hazikuwako nizione.

Tena kuna sheria. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 ilifungua njia ya pombe kali kutengenezwa kwa leseni na kwa kipimo, lakini ile inayopikwa usiku kando ya kijito haina leseni wala kipimo, na mwaka wa 2014 nchi yetu ilizika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa spiriti ya viwandani. Kuhusu bangi na dawa nyingine jambo ni zito zaidi: sheria ya mwaka wa 1994 inamkamata hata mwenye nyumba anayeruhusu nyumba yake itumiwe kwa kazi hiyo. Kusema "mimi nakaa Nyamira" si kinga.

Nilipotoka hospitali nilikuwa na hasira, na hasira ya aibu ni mbaya kuliko nyingine. Mtu mmoja akanishauri, "Tafuta vijana, uwape kitu kidogo, watamtoa usiku mmoja na vyombo vyake." Nakiri nilikwenda mpaka mahali wanapokaa vijana wa kazi hiyo. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikakumbuka siku za Sungusungu hapa kwetu. Walianza kwa kusifiwa, ati wanafukuza wezi. Wenye maduka na wenye nyumba waliwalipa kwa furaha. Baadaye mtu alipigwa kwa sababu ya deni, mwingine kwa sababu ya shamba, mwingine kwa sababu ya uchaguzi. Mwaka wa 2010 serikali iliyapiga marufuku makundi mengi kwa jumla, na Sungusungu, Chinkororo na Amachuma yalikuwamo. Mwenye nyumba akimlipa mtu kumpiga mpangaji leo, kesho mtu huyo atakuja kudai mshahara wa mwezi hata kama hakuna wa kupigwa. Nikarudi stendi.

Nikafanya lililonipasa kufanya mwezi wa pili. Nilikwenda mchana kwa yule mama, nikaketi. Nikamwambia sitaki pombe katika ua wangu, na ya kwamba nilikosa kwa kunyamaza. Akanieleza ya kuwa zamani aliuza ndizi sokoni, mumewe akaugua, mtaji ukaishia dawa. Nikampa notisi ya miezi miwili kwa maandishi, nikamrudishia kodi aliyokuwa amelipa mbele, na mwezi wa mwisho sikumtoza. Sikung'oa mlango. Wako wenye nyumba hapa Kisii na Keroka na Nyamira wanaong'oa mlango au kutoa mabati mpangaji akichelewa, na wanajisifu kwa jambo hilo. Jueni ya kuwa kwa vyumba vya kukaa ambavyo kodi yake haipiti Sh. 2,500 kwa mwezi iko sheria ya tangu mwaka wa 1959 na baraza lake la kuamua mashauri ya kodi. Mpangaji asipotaka kutoka, hatolewi illa kwa amri. Mwenye kung'oa mlango ndiye anayekuwa mshtakiwa.

Yule mama alihama. Sitawadanganya kwamba alirudi kuuza ndizi. Alihamia ua wa tatu kutoka wangu, na kazi yake inaendelea. Sikuondoa pombe Kisii. Niliiondoa uani mwangu tu, na wateja wake wakahama mlangoni kwangu wakaenda mlangoni kwa mwingine, ambaye pia anakaa mbali na anapokea kwa simu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya hawa wenye nyumba wanaokaa mbali. Mitaa yenye sifa mbaya si jambo la leo. Nairobi, serikali ya kikoloni ilipoifungua Pumwani mapema katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya waliojenga nyumba za kupangisha pale walikuwa wanawake, na baadhi yao fedha za kujengea walizipata kwa kazi ambayo maofisa waliilaani. Mtaa ukaitwa mbaya. Hata hivyo ndiko walikolala watumishi wa nyumba za Wazungu na vibarua wa mji, na wengi wa wanawake wale waliishi katika nyumba hizo hizo pamoja na wapangaji wao. Walijua nani ameingia na nani hajarudi. Mimi niliyejiona mtu wa heshima kuliko wao sikujua hata majina ya wapangaji wangu, nilijua nambari za vyumba.

Basi nikahamia. Mama watoto alibaki na ng'ombe na chai, mimi nikachukua nambari 10 kwa miezi sita. Wanangu waliona aibu. Lakini usiku wa kwanza tu nilijifunza mambo ambayo miaka miwili ya kukusanya kodi haikunifundisha. Niligundua kwamba akina mama wote wa ua ule hutumia ndoo usiku, kwa sababu hakuna anayethubutu kwenda chooni. Kile choo cha pembeni, mlango wake ulikuwa gunia. Nilikuwa nimepanga kununua lango kubwa la chuma, kwa kuwa lango huonekana na watu wakipita wanasema hapa pana mwenyewe. Nikaliacha lango kwanza. Nikatia taa juu ya choo na nyingine katikati ya ua, mita yake nikailipia tokeni mimi mwenyewe, maana taa ya wote ikiachiwa wapangaji hubishaniwa mpaka izimike. Nikajenga choo cha pili karibu na vyumba, milango ya mbao yenye kitasa cha ndani. Lango lilikuja baadaye, la mabati, si la fahari.

Kaunti imesimamisha mulika mwizi katika mahali pengi mjini, nasi tunashukuru, ila taa ile ndefu haimuliki nyuma ya choo chako. Hiyo ni kazi ya mwenye ua.

Nikaanza daftari: jina kamili la kila mpangaji, nambari ya kitambulisho, kazi yake, na ndugu wa kuitwa akipatwa na jambo. Wengine walidhani mimi ni wa polisi. Nikawaonyesha na kitambulisho changu wakaandike, wakacheka, mambo yakaisha. Tukaenda pamoja kwenye mkutano wa Nyumba Kumi. Mpango huo ulipoletwa nchini mwaka wa 2013, wengi waliudharau, na mahali pengine hata leo ni jina tu. Kwetu ulisaidia kwa sababu moja ndogo: wenye ua wanne tulikutana kwa mara ya kwanza uso kwa uso. Tulikuwa tumepakana miaka miwili bila kujuana.

Sisi wanne tukaandika mlinzi mmoja wa usiku. Na hapa tena nilikamatwa na chama changu. Mwenzetu alipendekeza tumpe mlinzi chumba cha bure na elfu tatu za chai. Nami nilikuwa karibu kukubali! Kisha nikakumbuka ya kuwa mlinzi wa usiku ana kiwango chake katika amri ya mishahara ya serikali, kiwango ambacho nimewahi kukitetea mbele ya mkutano kama huu. Nikawaambia wenzangu, mmoja wetu peke yake hawezi kumlipa, lakini wanne tunaweza. Walinung'unika. Tulipogawa, kila mmoja aliona ni kama kodi ya vyumba viwili. Tunamlipa sawasawa, ana siku ya mapumziko, na hajatukimbia hata sasa.

Kuhusu kodi ya serikali nitasema kidogo, kwa kuwa wengi huiogopa bila kuijua. Tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za kukaa ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, bila kuondoa gharama za matengenezo, na inawahusu wanaopata zaidi ya Sh. 288,000 kwa mwaka mpaka milioni 15. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Vyumba vyangu 10 vikijaa mwaka mzima kwa Sh. 2,500 napata Sh. 300,000, basi nadaiwa Sh. 22,500, na hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vikiwa vinane tu vyenye watu, napata Sh. 240,000, simo katika kodi hiyo, ila natangaza mapato yangu katika hesabu ya mwaka kama mtu mwingine yeyote. Angalieni neno hilo "bila kuondoa gharama". Choo nilichojenga hakikupunguza hata senti. Nadhani si haki, na chama kingefaa kulisema jambo hilo mahali panapohusika, kwa sababu sheria ya namna hii inamfaa zaidi asiyetengeneza kitu.

Wenye ploti Keroka wana shida yao pia, kwa kuwa mji ule umekaa mpakani, na kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zimekuwa zikibishana juu ya ushuru wake. Anayetaka kununua huko aulize kwanza ploti iko upande gani na leseni za kule hutolewa na nani, aandikiwe, aiweke karatasi hiyo vizuri.

Sikupandisha kodi. Wenzangu waliniambia nina taa, nina vyoo viwili, nina mlinzi, niende Sh. 3,500. Labda ni kweli soko lingekubali. Lakini nilipohesabu vizuri niliona ya kuwa mpangaji anayekaa miaka mitatu kwa Sh. 2,500 ananifaa kuliko watatu wanaopokezana kwa Sh. 3,500, kila mmoja akiacha mwezi mtupu na kioo kilichovunjika. Vyumba tisa sasa vina watu. Wale akina mama wa Daraja Mbili bado wako, na kijana wa bodaboda siku hizi anaingiza pikipiki mpaka uani, wala habaki barabarani.

Kitupu ni nambari 4. Nilikwenda mwezi uliopita kumwona yule mama wa hospitali anakokaa sasa, upande wa Nyamataro. Mkono umepona lakini haunyooki sawasawa, na kazi ya kufagia amebadilishiwa. Nilimwomba arudi, nikamwambia sitamtoza miezi mitatu. Akanipa chai, akaniambia harudi. Wakati wa kuagana aliniuliza kama ni kweli chooni kuna taa siku hizi. Nikamwambia iko, na inawaka mpaka asubuhi. Akasema yuko mwenzake wa zamu ya usiku anayetafuta chumba, atamwambia. Huyo mwenzake alikuja tarehe 3, saa tatu za usiku, akasimama pale uani karibu nusu saa bila kusema neno. Bado hajanipa jibu.

Bwana Mwenyekiti, kama kuna maswali, niko tayari. (Makofi.)